Fildi yako ipeleke kwenye taasisi ya utafiti

Kila mwaka, mitihani ya muhula wa pili ikikaribia, vijana wanaosoma kompyuta, mitandao na elektroniki katikati ya Dar es Salaam huanza kuhangaika na barua za kuomba fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wa DIT pale kona ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi, wa IFM Mtaa wa Shaaban Robert, wa CBE, wote hubeba bahasha zilezile na kuzipeleka kwenye milango ileile: benki, kampuni za simu, mamlaka ya mapato, bandari. Foleni huko ni ndefu, na wengi wanaobahatika kupita huishia kutoa fotokopi na kubadilisha tona mpaka wiki nane ziishe. Nataka kumshauri kijana huyo, na mzazi anayemlipia nauli, augeukie mlango ambao wenzake huupita bila kuutazama, nao ni mlango wa taasisi ya utafiti.

Sababu yangu ni moja. Kazi ya msaada wa kiufundi, yaani kuhakikisha kompyuta, printa, mtandao na vifaa vya maabara vinafanya kazi na mtu akikwama anasaidiwa, inafanyika kila ofisi. Lakini katika taasisi ya utafiti kuna vitu ambavyo vikipotea havinunuliki tena. Ofisi ya kawaida ikiibiwa kompyuta, inanunua nyingine. Mtafiti aliyepima damu za watoto wa kijiji kimoja kabla vyandarua havijagawiwa, akizipoteza takwimu hizo, hawezi kurudi nyuma akawapime upya. Kipindi kile kimepita na watoto wamekua. Anayeishika kompyuta ya mtafiti huyo ameishika miaka ya kazi yake, pamoja na imani ya wale wazazi waliokubali watoto wao wachomwe sindano. Kijana akilielewa hilo angali na miaka 21, atakuwa fundi wa aina nyingine popote atakapoajiriwa, hata kama ni hukohuko benki.

Na taasisi zenyewe ziko karibu. Ukitoka Kariakoo ukavuka Barabara ya Morogoro pale Fire, unaingia Upanga na Muhimbili iko mbele yako. Hapo kuna Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007 ingawa mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa mwaka 1963. Hapohapo kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ukipanda mwendokasi hadi Kivukoni, ukatembea ukaipita Ikulu, Barabara ya Barack Obama inakufikisha kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, NIMR yenyewe na Taasisi ya Saratani Ocean Road, majirani watatu mbele ya bahari. Jengo la zamani la Ocean Road lilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1897, na miaka hiyohiyo Robert Koch, daktari aliyetambua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa mjini hapa akichunguza malaria. Utafiti katika jiji hili umezidi karne. Ukiwa tayari kwenda mbele kidogo, kuna Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pale Kijitonyama, na ofisi za Taasisi ya Afya Ifakara kule Mikocheni. Usisahau pia kwamba chuo chako mwenyewe kinafanya utafiti na kina ofisi ya kompyuta. Jambo moja la kuangalia: ofisi nyingi za serikali zimehamishia makao makuu Dodoma, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama kitengo cha TEHAMA unachokitaka bado kina watu Dar, ndipo uandike barua.

Sasa niseme kazi yenyewe ikoje, maana wengi huingia wakidhani wataandika programu.

Asubuhi utakuta printa ya uhasibu imegoma. Mtafiti mmoja amesahau nywila. Kuna tableti kadhaa zimerudi kutoka mkoani na wahojaji wa utafiti, nyingine betri imevimba, na kabla ya yote lazima dodoso zilizomo zipakuliwe. Ghorofa ya pili wanasema mtandao hakuna. Maabara kuna mashine ya kupima damu ambayo kompyuta yake imewaka na skrini ya buluu. Kazi hizi zote zinaonekana ndogo na zinaweza kuja ndani ya saa moja. Fundi mzuri anajulikana kwa jinsi anavyozipanga, na swali la kuzipangia ni hili: ipi kati ya hizi, ikiharibika zaidi, haitarudi? Printa itangoja. Tableti yenye dodoso ambazo hazijapakuliwa haingoji hata nusu saa, tena usiirejeshe kwenye hali ya kiwandani ati kwa sababu imekuwa nzito.

Ile kompyuta ya maabara naomba nikae nayo kidogo, kwa sababu ndipo vijana wenye kasi wanapoumia. Kompyuta iliyounganishwa na mashine ya maabara mara nyingi ni ya zamani. Si ajabu kuikuta inaendeshwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, au hata Windows XP iliyoachwa Aprili 2014. Kijana akiiona hujisikia aibu kwa niaba ya taasisi, na mkono unamwasha aibadilishe. Usiiguse. Mashine ile ilinunuliwa pamoja na programu yake, na programu hiyo huenda haikubali mfumo mpya. Leseni yake pengine imefungwa kwenye kompyuta ileile, na kipimo chake kimethibitishwa kikiwa katika hali ileile. Ukiibadilisha, maabara inaweza kukaa bila kifaa mpaka mtaalamu wa kampuni iliyoiuza apatikane. Kazi yako hapo ni kuuliza inafanya nini, inahifadhi wapi matokeo, nakala iko wapi, na kama imeunganishwa na intaneti bila sababu. Mara nyingi ulinzi wake bora ni kuitenga na mtandao wa ofisi, na uamuzi huo ni wa msimamizi wako na wa mkuu wa maabara.

Kama unadhani naongeza chumvi, tazama yaliyotokea kwa wenye uwezo kutuzidi. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77 za data za utafiti, mafaili yapatayo milioni 34, ndani ya siku chache. Hakukuwa na mdukuzi. Kampuni iliyokuwa ikihudumia kompyuta kuu ya chuo iliifanyia marekebisho programu ndogo ya kufuta kumbukumbu za zamani za mfumo, na ikaweka toleo jipya huku la zamani likiwa bado linafanya kazi. Ile programu ikaanza kufuta mafaili ya watafiti. Makundi 14 ya utafiti yaliguswa, na kazi za makundi manne hazikuweza kurejeshwa kabisa. Waliofanya kosa lile walikuwa wataalamu wa msaada wa kiufundi, watu wa kazi ileile unayokwenda kujifunza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika chuo cha Rensselaer huko New York, friza ya maabara iliyokuwa ikitunza sampuli kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri ilikuwa inalia king'ora kwa hitilafu ndogo iliyokuwa ikisubiri fundi. Tangazo la kuwaomba watu wasiizime lilikuwa limebandikwa. Mfanya usafi, aliposikia kelele hizo, alizima swichi ya umeme. Hadi wanagundua, joto lilikuwa limepanda mpaka nyuzi 32 chini ya sifuri. Chuo kikaishtaki kampuni ya usafi kikidai zaidi ya dola milioni moja kwa utafiti wa zaidi ya miaka 20. Mimi simlaumu sana yule mfanya usafi. Najiuliza ni nani aliyewahi kukaa naye akamweleza ndani ya lile kabati jeupe mna nini. Hiyo nayo ni kazi ya msaada wa kiufundi, na mwanafunzi wa fildi, ambaye hana cheo cha kumzuia kukaa na kuzungumza na kila mtu, anaweza kuifanya vizuri kuliko mkurugenzi.

Dar es Salaam suala la friza na umeme si hadithi ya mbali. Umeme ukikatika, jenereta huwaka, na katika zile sekunde au dakika za katikati ni betri za UPS zinazobeba mzigo. Wiki yako ya kwanza omba uonyeshwe ni soketi zipi ziko kwenye jenereta na zipi haziko, betri za UPS zilibadilishwa lini, na nani hupigiwa simu usiku friza ikilia. Mara nyingi utakuta jibu la swali moja kati ya hayo halimo kwenye karatasi yoyote, limo kichwani mwa mzee mmoja anayekaribia kustaafu. Liandike. Hewa yetu ya baharini nayo ina chumvi na unyevu, inakula viunganishi vya kompyuta na kuzibandika feni vumbi zito. Kusafisha tu kwa ratiba kunaokoa mashine nyingi.

Mtu akisema mtandao haupo, usikimbilie kuzima rauta. Muulize kwa adabu, "Samahani dokta, ni kompyuta yako tu au na ya jirani?" Jibu lake linakata tatizo vipande viwili. Angalia taa kwenye soketi ya waya. Ipigie ping rauta ya ndani, kisha anwani ya nje, kisha jina la tovuti, kwa mpangilio huo, na utajua ni wapi njia imekatika. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo, mwenye kujua kupima hatua kwa hatua atawaambia watu mapema kwamba tatizo liko nje ya jengo, nao wapange kazi zao, wakati asiyejua anawazimia na kuwawashia mitambo kutwa nzima bila faida.

Nikizungumzia ujuzi wa kupima tatizo, naona nimefika Kariakoo kwa mafundi, na kwa kijana wa Dar siwezi kuikwepa.

Mafundi wa mitaa ya Aggrey na Likoma ni walimu wakubwa. Anayefungua simu na kompyuta mpakato mchana kutwa, mbele ya mteja aliyesimama na nauli mkononi, ana jicho la dalili ambalo maabara ya chuo haikupi: kompyuta inawaka kisha inazima, inatoa harufu, inapata joto upande mmoja tu. Kama una Jumamosi huru kabla ya fildi, omba ukae kwenye meza ya fundi unayemwamini, umsalimie vizuri, umshikie taa, ujifunze kutumia mita na kubadilisha kioo, kibodi na memori. Utakapofika taasisini hutaogopa bisibisi. Jifunze pia kubana waya wa mtandao kwa mpangilio ulio sahihi: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Kumbuka waya mmoja usizidi mita 100. Hayo unaweza kuyafanyia mazoezi nyumbani kwa fedha kidogo.

Lakini mazoea ya Kariakoo hayaingii yote taasisini. Fundi wa mtaani hulipwa kwa kasi, kwa hiyo dawa yake ya kwanza mara nyingi ni kufuta na kuweka Windows upya. Kwa kompyuta ya mtu mwenye picha zake mtandaoni, sawa. Kwa kompyuta ya mtafiti, dawa hiyo ni ya mwisho, baada ya nakala kuchukuliwa, kufunguliwa na kuthibitishwa kwamba inasomeka, na mwenye kompyuta kukubali kwa maandishi. Hata barua pepe ya mstari mmoja inatosha. Usione haya kumwomba profesa akuandikie.

Utatumwa vifaa, hilo usilitilie shaka: waya, adapta, betri, flashi. Kabla hujatoka, uliza jina kamili la taasisi na TIN yake, kwa sababu mhasibu hatapokea risiti isiyo ya EFD, na ukirudi bila karatasi hiyo, fedha utaulizwa wewe. Bidhaa bandia zipo na unajua zipo. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchi nzima, wengi wakajikuta na simu walizonunua kwa fedha halali zikiwa hazina kazi. Flashi na diski za bandia ni mbaya zaidi kwa sababu hazizimwi na mtu. Flashi imeandikwa nje gigabaiti 512, kompyuta inaamini, lakini ndani uwezo wake ni sehemu ndogo tu ya hizo. Ukiijaza, juu ya mafaili ya mwanzo yanaandikwa mengine, na utagundua siku unayoyahitaji. Ipime kila flashi na kila diski kabla ya kuitumia, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Inachukua muda. Iache ipime usiku.

Na hili naomba ulishike kuliko yote niliyosema kuhusu Kariakoo: diski ya taasisi haiendi kwa fundi wa mtaani. Hata ikiwa imekufa. Hata ukiwa unamfahamu fundi tangu utoto. Faili lililofutwa huweza kurejeshwa, na diski iliyokufa huweza kufufuliwa na mtu mwenye vifaa. Ndani yake kunaweza kuwa na majina ya watu, kata wanazotoka na majibu yao ya vipimo vya Ukimwi. Diski ikishindikana, inabaki taasisini mpaka utaratibu wa kuiharibu ufuatwe.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imefanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai, hata kama hukuiba kitu. Mwanafunzi hana kinga. Kwa hiyo mfanyakazi akitaka kukutajia nywila yake ili umalize kazi haraka, mwambie aiandike mwenyewe, nawe ugeuze uso. Ukikwama kwenye jedwali la wagonjwa, usipige picha skrini ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa ili usaidiwe. Tengeneza jedwali lingine lenye majina ya uongo na uombe msaada kwa hilo. Ukikutana na jina la jirani yako, au la shangazi yako, kwenye orodha ya kliniki, ufunge mdomo leo, kesho na baada ya fildi. Taasisi ikikupa karatasi ya kiapo cha usiri, isome yote kabla ya kusaini. Isipokupa, iombe.

Kuhusu nakala za akiba kuna kanuni ya kimataifa ambayo ni rahisi kuikumbuka: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Vijana huzikubali zile mbili za kwanza na kuidharau ya tatu. Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua. Aliyekuwa na mali, daftari la mali na daftari la wadeni chini ya paa lilelile hakuwa na pa kuanzia. Seva na diski yake ya akiba zikikaa chumba kimoja, ziko katika hali hiyohiyo. Uliza nakala ya nje iko wapi na nani alijaribu mara ya mwisho kuifungua. Ukipewa ruhusa ya kuchagua faili moja tu na kulirejesha kama zoezi, umefanya jambo la maana kuliko kuunganisha printa kumi.

Sasa barua. Usiandike kwamba unaomba nafasi "katika fani yoyote". Mkuu wa TEHAMA anapokea barua nyingi za namna hiyo na haoni tofauti kati ya moja na nyingine. Andika unasoma nini, mwaka wa ngapi, tarehe za kuanza na kumaliza, na mambo mawili au matatu unayoyaweza kweli kwa mikono yako. Kisha weka sentensi moja inayoonyesha unaijua taasisi ile inafanya nini. Kama ni taasisi ya afya inayokusanya takwimu vijijini, jifunze kidogo ODK au REDCap, programu za kukusanyia takwimu, kabla ya kwenda; zote zinatumika sana katika utafiti na mwanafunzi anaweza kuzifanyia mazoezi. Sema hivyo kwenye barua. Ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, na baada ya wiki mbili nenda mwenyewe kuulizia, asubuhi, umevaa kama mtu wa kazi, ukimwamkia katibu muhtasi kwa heshima ileile utakayompa mkurugenzi. Katibu ndiye anayejua barua yako iko faili gani.

Fedha nazo zisemwe wazi. Kwa miongozo ya miaka ya karibuni, Bodi ya Mikopo hutoa hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa mafunzo kwa vitendo, kwa siku zisizozidi 56. Kwa mnufaika ni msaada mkubwa, lakini usiijengee bajeti ya wiki ya kwanza, maana inaweza kuchelewa. Wasio na mkopo wapange nauli na chakula na wazazi mapema, na hii ni sababu nyingine ya kuchagua taasisi unayoifikia kwa mwendokasi mmoja au kwa miguu kutoka Kariakoo. Baadhi ya taasisi hutoza ada ya kupokea mwanafunzi. Uliza kabla ya kukubali nafasi, na ulipe kwa kontrol namba tu. Anayetaka umpe mkononi au kwenye namba yake ya simu, usimpe.

Mabinti, nawaandikia kipekee. Mtaambiwa mkae mapokezi kwa sababu mna sauti nzuri, huku wavulana wakipelekwa chumba cha seva. Mwambie msimamizi siku ya kwanza kwamba kitabu chako cha mafunzo kinadai kazi za mtandao na vifaa, na umwonyeshe ukurasa. Mtu yeyote, wa taasisi au wa chuo, akikutaka kimapenzi ili akusainie kitabu au akupe alama, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wanapigiwa bure kwa namba 113. Hifadhi ujumbe wake, usiufute kwa hasira wala aibu. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo.

Kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku wengi hukijaza usiku wa mwisho, kila ukurasa ukisema "nilitengeneza kompyuta". Msimamizi wa chuo husaini, na kijana hapati chochote cha kumwonyesha mwajiri. Kijaze hivi: nani aliomba msaada kwa cheo chake bila jina, alilalamika nini kwa maneno yake, ulikuta chanzo ni nini, ulifanya nini, na ni kitu gani hukukijua ukaenda kukisoma. Hilo la mwisho ndilo litakalokufaa kwenye usaili wa kazi. Mwajiri akikuuliza umewahi kukutana na tatizo gani gumu, utafungua kichwa chako na kukuta kurasa zilizojaa.

Kabla hujaondoka, acha mwongozo wa kurasa mbili, kwa Kiswahili chepesi, kuhusu jambo moja uliloliona likirudia: namna ya kupakua dodoso kwenye tableti, namna ya kuunganisha printa ya ghorofa ya kwanza, hatua za kufuata friza ikilia. Weka picha. Mpe mtu asiyejua kompyuta aufuate ukiwa umekaa kimya pembeni, na palipomkwamisha parekebishe. Nimewaona wanafunzi ambao jina lao linakumbukwa taasisini kwa karatasi mbili kama hizo zilizobandikwa ukutani, na nafasi ya kujitolea au ya utarajali ilipotokea, wao ndio waliopigiwa simu.

Kwa wasimamizi nina ombi fupi. Mpeni mwanafunzi meza, akaunti yake mwenyewe yenye mipaka, na mtu mmoja wa kumuuliza. Msimpe nywila ya msimamizi mkuu wa mfumo kwa sababu mmechoka. Mpelekeni maabara angalau mara moja, mtafiti amweleze kwa dakika kumi anatafuta nini na kwa nini. Dakika hizo kumi zitawaokolea mengi, kwa sababu kijana anayejua kompyuta ile inabeba nini hataifuta. Na tafadhali, akimaliza, mwandikieni barua inayotaja alichokifanya kweli.

Vyuo vingi huwatoa wanafunzi kati ya Julai na Oktoba, na taasisi nyingi hujaza nafasi zake miezi kadhaa kabla. Barua inayofika Juni imechelewa. Kesho asubuhi nenda ofisi ya mafunzo kwa vitendo ya chuo chako, omba barua mbili za utambulisho, na moja kati ya hizo ipeleke Upanga au Barabara ya Barack Obama.